Kupanga upya safu za jedwali: nafasi iliyookolewa hugeuka kasi lini?

Kuna uboreshaji mmoja wa uhifadhi ambao watumiaji wa PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, hushauriana mara kwa mara: panga safu za jedwali (columns) kuanzia zile za aina kubwa kuelekea ndogo, nalo jedwali litapungua. Ushauri huo ni sahihi, na upungufu wenyewe unaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi kabla ya kugusa seva. Kinachonipa shaka ni dai linaloambatana nao, kwamba jedwali likipungua kwa robo basi na maswali ya SQL yatakwenda haraka kwa kiasi hicho hicho. Nililiweka dai hilo kwenye kipimo, na nimebaki na imani kwamba jibu la kipimo cha aina hii huamuliwa na namna kilivyoandaliwa kuliko na uboreshaji unaopimwa. Mtu akitaka kuthibitisha kwamba kupanga safu hakuna faida yoyote, atathibitisha. Akitaka kuthibitisha kwamba faida yake ni kubwa mno, atathibitisha pia, na wala hatakuwa amedanganya popote.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo sehemu isiyo na ubishi. PostgreSQL huhifadhi data katika kurasa za baiti 8,192. Kila ukurasa huanza na kichwa cha baiti 24, na kila rekodi iliyomo huchukua kielekezi cha baiti 4 pamoja na kichwa cha baiti 23 ambacho kwa kawaida hufikishwa 24. Baada ya hapo ndipo data yenyewe huanza, nayo ina masharti yake: thamani ya aina ya bigint (namba kubwa) au timestamptz (tarehe na saa) sharti ianze kwenye nafasi inayogawanyika kwa 8, integer kwenye inayogawanyika kwa 4, smallint kwa 2, na boolean (ndiyo au hapana) popote. Nafasi ikiwa haigawanyiki, PostgreSQL huacha baiti tupu hadi ifike pale panapofaa. Sababu ni kwamba rekodi inakaa kwenye diski kwa umbo lile lile litakalosomwa na prosesa ikiwa kwenye kumbukumbu, hivyo hakuna kazi ya kuipanga upya kila inaposomwa. InnoDB ya MySQL haifuati utaratibu huu, kwa hiyo anayetumia mfumo huo hana cha kuokoa kwa njia hii.

Chukua jedwali la miamala lenye safu nane zisizoruhusu NULL, yaani kukosa thamani, zilizoandikwa kwa mpangilio ambao msanidi angeufikiria kwa maana yake: imethibitishwa ya boolean, mteja ya bigint, aina ya smallint, wakati ya timestamptz, imefutwa ya boolean, kiasi ya bigint, hali ya integer, na rejea ya bigint ambayo ndiyo ufunguo mkuu. Ukijumlisha baiti za thamani pekee unapata 40. Lakini imethibitishwa ikishachukua baiti moja, saba zinaachwa tupu ili mteja aanze kwenye nafasi ya 8. Aina inachukua mbili na sita zinaachwa kabla ya wakati. Imefutwa inachukua moja na saba zinaachwa kabla ya kiasi. Hali inachukua nne na nyingine nne zinaachwa kabla ya rejea. Jumla inakuwa 64. Baiti 24 katika kila rekodi hazibebi chochote.

Panga safu zile zile kwa kutanguliza nne za baiti nane, kisha hali, kisha aina, kisha boolean mbili mwishoni, na data inakaa katika baiti 40 kamili. Ukiongeza kichwa na kielekezi, rekodi ya mpangilio wa kwanza inachukua 92 na ya mpangilio wa pili 68. Ukurasa mmoja unabeba rekodi 88 za mpangilio wa kwanza au 120 za mpangilio wa pili. Kwa rekodi milioni 10, hiyo ni kurasa 113,637 dhidi ya 83,334, yaani takriban megabaiti 888 dhidi ya 651, nikihesabu megabaiti kuwa 1,024 mara 1,024. Data ilipungua kwa asilimia 37.5, lakini jedwali limepungua kwa asilimia 27 hivi, kwa sababu baiti 28 za kichwa na kielekezi hazipunguzwi na mpangilio wowote. Faharasa (index) ya ufunguo mkuu nayo, ambayo kwa rekodi idadi hiyo hufika megabaiti 214 hivi, haiguswi hata kidogo. Kwa hiyo ukihesabu jedwali pamoja na faharasa yake, megabaiti 1,102 zimekuwa 865, na asilimia imeshuka tena hadi 21 na ushei. Ni vyema kuiona asilimia hii ikipungua hatua kwa hatua kabla ya kupima chochote, maana anayetangaza uboreshaji hupenda kutaja ile ya mwanzo.

Kuna jambo dogo la pembeni kuhusu NULL. Jedwali lenye safu nane au pungufu linaweza kuziruhusu bila kuongeza kichwa, kwa kuwa ramani ya NULL inatosha katika ile baiti moja ya kati ya 23 na 24. Ongeza safu ya tisa na rekodi moja iwe na NULL, kichwa cha rekodi hiyo kitaruka hadi baiti 32. Nimeona watu wakihangaika kuokoa baiti nne za integer huku safu moja ya ziada, karibu tupu wakati wote, ikirudisha nane.

Sasa tuje kwenye kasi. Kabla ya kupima, mtu ajiulize muda wa swali lake unatumika wapi, kisha aandike utabiri wake, ili kipimo kiwe na kitu cha kukanusha. Mimi niligawa kazi katika aina tatu: swali linalosoma jedwali zima, swali linalotafuta rekodi moja kwa ufunguo mkuu, na uandishi wa rekodi mpya.

Aina ya pili ndiyo yenye mengi, na ndiyo huwapotosha wengi. Kutafuta rekodi moja kwa ufunguo kunashuka ngazi za faharasa, kisha kunasoma ukurasa mmoja wa jedwali. Ukurasa huo ni wa baiti 8,192 iwe umebeba rekodi 88 au 120. Swali halisomi kurasa chache zaidi kwa sababu umepanga safu vizuri. Linasoma ukurasa mmoja, kama zamani. Faida inaweza kuja kwa mlango mmoja tu, nao ni uwezekano kwamba ukurasa unaotakiwa tayari uko kwenye kumbukumbu. Na uwezekano huo unategemea ukubwa wa kumbukumbu ukilinganishwa na ukubwa wa data.

Tuifanye hesabu. Mashine ikiwa na gigabaiti 4 kwa ajili ya akiba ya kurasa (cache), majedwali yote mawili yanaenea na nafasi inabaki. Utabiri: hakuna tofauti inayoonekana. Akiba ikiwa megabaiti 512, na tukichukulia kwamba faharasa inabaki humo wakati wote kwa kuwa inaguswa na kila swali, zinabaki 298 kwa ajili ya jedwali. Mpangilio wa kwanza unaweka ndani asilimia 34 ya kurasa zake na wa pili asilimia 46. Safari za kwenda diskini zinapungua kutoka 66 hadi 54 katika kila maswali 100, jambo zuri lakini la kawaida. Sasa iwe megabaiti 1,024. Mpangilio wa pili unaingia wote, faharasa na jedwali, na diski haiguswi tena baada ya akiba kujaa. Mpangilio wa kwanza unaacha nje megabaiti 78, yaani karibu maswali 9 katika 100 yanasubiri diski.

Tuseme utafutaji ulioishia kwenye kumbukumbu unachukua mikrosekunde 20 na safari ya diski inaongeza 100, makadirio yasiyo mbali na diski nzuri ya SSD. Wastani wa mpangilio wa kwanza utakuwa 29 na wa pili 20. Lakini ukitazama muda ambao maswali 99 kati ya 100 hukamilika ndani yake, wa kwanza ni 120 na wa pili ni 20, mara sita. Uboreshaji ni ule ule, jedwali ni lile lile, swali ni lile lile. Kilichobadilika ni ukubwa wa akiba na kipimo cha takwimu kilichochaguliwa kuwekwa kwenye kichwa cha habari. Ndiyo maana ripoti ya upimaji isiyotaja uwiano wa data na kumbukumbu huwa naiweka kando bila kuimaliza.

Hata hesabu hiyo ina sharti lililojificha: inachukulia kwamba rekodi zinatafutwa kwa bahati nasibu, kila moja ikiwa na nafasi sawa na nyingine. Matumizi halisi hayako hivyo. Mara nyingi rekodi chache huguswa sana na nyingi haziguswi kabisa. Hapo linakuja swali la zile rekodi moto zimekaa wapi. Ikiwa zinazotafutwa ni za karibuni, na ziliandikwa kwa kufuatana, basi ziko katika kurasa zinazopakana. Ukurasa wa rekodi 120 unazibeba nyingi zaidi, na faida ya kupanga safu inaonekana yote. Ikiwa zinazotafutwa ni za wateja wachache mashuhuri waliotapakaa ndani ya jedwali zima, kila rekodi moto inaburuta ukurasa mzima wa rekodi baridi pamoja nayo, na kuzibana zaidi rekodi hizo baridi hakusaidii sana: idadi ya kurasa zinazohitajika kuwemo kwenye akiba inakaribia idadi ya rekodi moto zenyewe, katika mipangilio yote miwili. Chombo cha pgbench, cha kupimia kasi ya PostgreSQL, kina tangu toleo la 11 kitendakazi cha random_zipfian kinachozalisha matumizi yasiyo sawa ya namna hii, lakini sharti mpimaji aamue mwenyewe ikiwa namba zinazopendelewa zikae karibu karibu au zitapakae. Ukikitumia bila kuzichanganya, namba ndogo ndizo zinazopendelewa, nazo huwa zimekaa pamoja mwanzoni mwa jedwali. Hapo unapima ile hali ya kwanza bila kukusudia.

Aina ya kwanza ya kazi, usomaji wa jedwali zima, ni rahisi kutabiri na ina mitego katika kuipima. Jedwali likisomwa kutoka diskini, na diski ikiwa ndiyo inayochelewesha, muda unapaswa kupungua karibu sawasawa na idadi ya kurasa, yaani kwa robo na zaidi kidogo. Likiwa lote kwenye kumbukumbu, muda mwingi unatumika kushughulikia rekodi moja moja, nazo ni milioni 10 katika mipangilio yote, kwa hiyo faida inapaswa kuwa ndogo zaidi. Ndivyo nilivyoona. Sekunde zenyewe siziweki hapa kwa makusudi, kwa kuwa ni za mashine yangu na hazitamsaidia mwingine. Mwelekeo ndio unaobebeka.

Mtego wa kwanza ni swali lenyewe. Wengi hupima usomaji wa jedwali zima kwa select count(*). Jedwali lililopitiwa na VACUUM, amri ya kusafisha rekodi zilizokufa, lina ramani inayoonyesha kurasa ambazo rekodi zake zote zinaonekana na kila mtu, na mpangaji wa maswali akiwa na ramani hiyo anaweza kuamua kuhesabu kupitia faharasa pekee bila kugusa jedwali. Faharasa ni megabaiti 214 kwa mipangilio yote miwili. Unalinganisha kitu na chenyewe, unapata tofauti sifuri, na unaandika kwamba kupanga safu ni kupoteza wakati. Nilitumia jumla ya safu ya kiasi, ambayo haimo kwenye faharasa yoyote, na nilitazama mpango wa EXPLAIN, amri inayoonyesha swali linavyotekelezwa, wenye ANALYZE na BUFFERS kila mara kabla ya kuamini muda. BUFFERS ndiyo inayosema kurasa ngapi zilipatikana kwenye akiba na ngapi ziliombwa kutoka nje. Ikiwa jumla yake hailingani na kurasa 113,637 au 83,334, basi swali halifanyi kile unachodhani linafanya.

Mtego wa pili ni usomaji wa kwanza baada ya kupakia data. PostgreSQL haiandiki ndani ya rekodi papo hapo kwamba muamala ulioiingiza umethibitishwa. Anayeisoma mara ya kwanza ndiye anayekwenda kuhakikisha na kuacha alama, na kwa kuacha alama anauchafua ukurasa ambao baadaye utalazimika kuandikwa diskini. Swali la kusoma linageuka kuwa la kuandika. Isitoshe, tangu toleo la 13 autovacuum, yaani VACUUM inayojiendesha yenyewe, huamshwa hata na rekodi mpya peke yake, hivyo baada ya upakiaji mkubwa inaweza kuanza kazi katikati ya kipimo chako. Tiba ni kuendesha VACUUM na ANALYZE mwenyewe kwa majedwali yote mawili, kusubiri imalizike, kisha kuilazimisha CHECKPOINT, yaani kuandika diskini kurasa zote zilizobadilika, ndipo uanze.

Mtego wa tatu unahusu akiba, ambayo PostgreSQL inazo mbili: ile yake yenyewe, shared_buffers, ambayo kwa chaguo-msingi ni megabaiti 128 tu, na ile ya mfumo wa uendeshaji. Wengi wanadhani kwamba wakisoma jedwali mara mbili tatu litakuwa limeingia kwenye shared_buffers. Sivyo. Jedwali lililozidi robo ya shared_buffers husomwa kupitia sehemu ndogo inayozungushwa, ili swali moja kubwa lisifukuze kurasa za watu wengine. Jedwali haliingii humo lote kwa kusomwa mara chache. Litakuwa kwenye akiba ya mfumo wa uendeshaji, na EXPLAIN itaendelea kusema kwamba kurasa zinasomwa kutoka nje hata kama diski haijaguswa. Anayetaka kuliweka ndani kweli atumie kiendelezi cha pg_prewarm. Anayetaka kupima hali ya baridi asiishie kuwasha upya PostgreSQL, bali aondoe pia akiba ya Linux kwa kuandika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches. Na anayetaka kupima ile hali ya kati, yenye megabaiti 1,024, aiwekee seva kikomo cha kumbukumbu kwa cgroup, njia ya Linux ya kuwekea programu mipaka, kwa sababu kikomo hicho kinahesabu pia akiba ya faili.

Uandishi niliupitia kwa haraka zaidi. Rekodi fupi inaandika baiti chache kwenye daftari la mabadiliko, WAL, lakini kila ingizo la WAL lina kichwa chake kisichopungua, na faharasa nayo inaandika cha kwake, kwa hiyo asilimia 27 ya jedwali haionekani tena huko. Kinachoonekana zaidi ni nakala za kurasa nzima: baada ya kila chekipointi, ukurasa unaobadilishwa kwa mara ya kwanza huandikwa wote kwenye WAL. Masasisho yaliyotapakaa jedwali zima yanapogusa kurasa 83,334 badala ya 113,637, nakala hizo zinapungua. Lakini chekipointi kwa chaguo-msingi huja kila baada ya dakika 5, au mapema zaidi WAL ikikaribia max_wal_size, kwa hiyo kipimo cha dakika mbili kinaweza kikaangukia chote ndani ya mawimbi ya nakala au chote nje yake. Kipimo cha uandishi kisichovuka chekipointi kadhaa hakijapima uandishi.

Hapa kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko kasi ya usomaji inayopigiwa debe. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, PostgreSQL inaweza kuandika toleo jipya la rekodi ndani ya ukurasa ule ule bila kugusa faharasa, mradi safu zilizomo kwenye faharasa hazikubadilika na ukurasa una nafasi. Utaratibu huo huitwa HOT. Jedwali lililojazwa hadi ukingoni halina nafasi hiyo, na fillfactor, yaani asilimia ya ukurasa inayojazwa, kwa chaguo-msingi ya majedwali ni 100. Weka 90 kwenye jedwali lenye safu zilizopangwa, na ukurasa utabeba rekodi 108 badala ya 120. Jedwali litakuwa megabaiti 723 badala ya 651, bado dogo kuliko 888 kwa megabaiti 165. Baiti zilizokuwa zimekufa katikati ya rekodi zimehamishiwa mahali zinapofanya kazi. Kwa jedwali linalosasishwa sana, ulinganisho huu, wa mpangilio wa kwanza wenye fillfactor 100 dhidi ya wa pili wenye 90, ndio ningeupima kwanza kabla ya mwingine wowote.

Kuhusu utaratibu wa kupima nina misimamo michache. Kipimo cha kwanza kiwe cha kitu na chenyewe: tengeneza majedwali mawili yanayofanana kila kitu, yalinganishe kana kwamba moja limeboreshwa, na tofauti utakayoiona ndiyo kelele ya mashine yako. Uboreshaji wowote ulio chini ya kelele hiyo haupo. Usimalize mizunguko yote ya mpangilio wa kwanza ndipo uingie wa pili. Zipishanishe, kwa sababu prosesa hupata joto na kupunguza kasi, diski za SSD huandika haraka mwanzoni kisha zikazama akiba yao ya ndani ikijaa, na kwenye mashine za kukodi jirani usiyemwona anaweza kuanza kazi yake wakati wowote. Ukizipishanisha, mabadiliko hayo yanazipata pande zote mbili.

Katika kupima muda wa kusubiri, pgbench kwa kawaida hutuma ombi jipya baada ya lile la awali kujibiwa. Seva ikiganda kwa sekunde nzima, chombo nacho kinanyamaza kwa sekunde nzima, na maombi yote ambayo yangewasili katika kipindi hicho hayahesabiwi. Chaguo la --rate linaweka ratiba ya maombi na kuhesabu muda kuanzia pale ombi lilipopaswa kuanza, si lilipoanza. Bila hilo, mpangilio wa kwanza katika hali ile ya megabaiti 1,024 unaonekana mpole kuliko ulivyo.

Majedwali ya pgbench yenyewe hayafai kwa swali hili. Yameegemea kwa kulegeza TPC-B, kipimo cha baraza la TPC lililoundwa mwaka 1988, na jedwali lake kubwa lina safu ya herufi 84 iliyojaa nafasi tupu. Kwa upangaji wa safu haina la kusema, na kwa anayepima ubanaji wa data katika mfumo wa faili kama ZFS ni hatari kabisa, kwani nafasi tupu hubanwa mpaka karibu zipotee na matokeo yatamvutia kuliko data yake halisi itakavyomtendea. Data ya kupimia itoke kwenye muundo wako. Thamani zinaweza kuwa za kubuni, ila urefu na mtawanyiko wake ufanane na wa kweli. Ubanaji wa TOAST, utaratibu wa PostgreSQL wa kuhifadhi thamani ndefu, kwa mfano chaguo kati ya mbinu za kubana za pglz na lz4 lililokuja na toleo la 14, unahitaji uangalifu huo huo na mwingine juu yake, maana huko nafasi inalipiwa kwa muda wa prosesa, ilhali kupanga safu hakumgharimu msomaji chochote.

Karibu hakumgharimu. PostgreSQL hukumbuka nafasi ya kila safu ndani ya rekodi maadamu safu zilizotangulia zina urefu usiobadilika na hazina NULL. Safu ya text ikitangulia, nafasi za zilizo nyuma yake haziwezi kukumbukwa na hukokotolewa kwa kila rekodi. Kwa hiyo safu za urefu unaobadilika zikae mwisho, kwa sababu ya prosesa hata pale ambapo hakuna baiti ya kuokoa. Text fupi, isiyozidi baiti 126, haihitaji mpangilio wa nafasi, hivyo yenyewe haiachiwi pengo mbele yake. Pengo huja kwa bigint iliyowekwa nyuma yake.

Matokeo ya namna hii yanaweza kuchapishwa na yeyote anayetumia PostgreSQL, kwa kuwa leseni yake haikatazi. Mifumo kadhaa ya kibiashara ina kifungu cha kukataza kuchapisha vipimo bila idhini ya mwenye mfumo, kinachojulikana kwa jina la David DeWitt wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye kipimo chake na wenzake cha mwaka 1983 hakikuifurahisha Oracle.

Limebaki suala la majedwali yaliyokwisha kuwepo. PostgreSQL haina amri ya kubadilisha mpangilio wa safu. Inabidi kuunda jedwali jipya, kunakili rekodi, kujenga upya faharasa na kubadilishana majina, na katika muda huo wote uandishi uzuiwe au ufuatiliwe kwa njia nyingine. Majedwali mapya ninayapanga tangu siku ya kwanza kwa kuwa hayadai chochote. La zamani naliacha kama lilivyo, isipokuwa pale ambapo ukubwa wake na wa faharasa zake uko juu kidogo ya kumbukumbu iliyopo, au pale linaposasishwa sana na nafasi ya fillfactor inahitajika. Na hata hapo, kabla ya kuhesabu faida, ninatengeneza nakala mbili kutoka jedwali la zamani: moja yenye mpangilio mpya na nyingine yenye mpangilio ule ule wa zamani. Jedwali lililotumika kwa miaka lina matundu ya rekodi zilizofutwa, na kulinakili tu kunayaondoa. Anayelinganisha jedwali jipya na lile la zamani lenye matundu anaupa mpangilio wa safu sifa ambayo sehemu yake ingepatikana kwa VACUUM FULL peke yake.